Kuwa operatere wa mashini nzito: njia ziko wapi?



Somo la namba hii lilipaswa kuwa juu ya reli ya Katanga, na lilikuwa limeisha kuandikwa. Tumeliweka pembeni juu ya neno lililotokea mbele ya mlango wa masomo yetu. Majuma mawili yamepita, bwana mmoja alisimama pale chini ya mwembe saa ya kutoka, mkononi makaratasi yenye picha ya dampa kubwa ya manjano. Aliwaambia wafinalisti hivi: kwa majuma tatu na dola 350 atawapa breve ya "operatere wa mashini zote", na mwenye breve ile kazi yake ku Kolwezi iko tayari. Nusu ya pesa ilipwe mbele ya Egzeta. Sisi makapita tulifanya hesabu. Wenzetu 9 wameisha kuandikisha majina, na 4 wameisha kutoa pesa.

Hata sisi tunaoandika mistari hii tulikuwa karibu kuingia. Nyumbani mama alikuwa ameisha kusema atauza mashini yake ya kushona. Kilichotuzuia si akili, ni kaka yetu mkubwa. Mwaka 2022 yeye alipita njia ya namna ile kwa mtu mwingine, na baba aliondoa bati 14 za jikoni na kuziuza ili alipe. Majuma tatu walikuwa vijana 30 kwa sharjezi moja ya zamani. Kaka alikaa juu ya kiti muda usiofika nusu saa. Alipata breve yenye mihuri miwili. Alipofika kwenye mlango wa sosiete moja kwa mtihani, mwenye kupima alimwonyesha mashini na kumwambia: "Anza." Kaka akapanda mbio, akashika ufunguo. Yule bwana akamwambia: "Shuka, imeisha." Motere haikuwashwa hata. Kaka hakuelewa kosa lake mpaka jioni, mtu mmoja wa pale alipomfafanulia: operatere hapandi mbele ya kuzunguka mashini yake yote kwa miguu na kuitazama.

Basi tulijiuliza: hii kazi ni nini, na mtu anaifundishwa wapi kweli? Tulimuuliza Mwalimu wetu wa fizika, tukamwendea tena mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye aliendesha mashini za karieri miaka 25. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza majina. Huku kwetu watu wanaita kila mashini ya kusukuma udongo "katapila". Jina lilitoka Marekani: Benjamin Holt alijaribu trakta yenye kutambaa juu ya minyororo mwaka 1904 huko California, na mwaka 1925 sosiete yake ilijiunga na ile ya Best kufanya sosiete ya Caterpillar. Lakini mtu wa kazi hachanganyi. Buludoza inasukuma. Pele inachimba na kupakia. Sharjezi inabeba kwa ndoo yake ya mbele. Dampa inachukua mzigo. Nivelezi inasawazisha barabara kwa kisu chake kirefu, na wazee wanasema njo ngumu kuliko zote kwa sababu mkono sherti usikie sentimetre. Kompaktere inashindilia. Kila moja iko na ufundi wake. Mwenye kujua pele vizuri anaweza kuharibu barabara nzima akikaa ndani ya nivelezi.

Sasa tuchukue dampa, maana ile ya kwenye picha njo iliyowavuta wenzetu. Dampa za namna ya Cat 777 zinabeba karibu tani 90. Tupu, yenyewe iko na uzito wa karibu tani 70. Zikiwa pamoja na mzigo ni tani 160 na zaidi. Mupira wake mmoja uko na urefu wa metre 2,7, kusema mtu mrefu akisimama karibu nao anainua mkono na bado hafiki juu.

Mwalimu wa fizika alitupatia hesabu hii ubaoni, na tunaomba kila mmoja wa darasa la mwisho aifanye tena kwa kalamu yake. Dampa tupu ya tani 70 inashuka ndani ya karieri. Barabara inateremka 10 kwa 100. Mwendo ni kilometre 36 kwa saa, kusema metre 10 kwa sekonde. Nguvu inayoivuta chini ni sehemu ya kumi ya uzito wake: kilo 70 000 mara 10, gawanya kwa 10, ni newtoni 70 000. Nguvu hiyo mara mwendo wa metre 10 kwa sekonde inatoa wati 700 000, yaani kilowati 700. Motere ya dampa ile inatoa karibu kilowati hizo hizo ikifanya kazi kwa nguvu yake yote. Mmeona? Kushuka tu, bila mzigo, kunataka freni zimeze nguvu sawa na ile ambayo motere inatoa ikipanda. Ikishuka na mzigo ni kilowati 1 600, zaidi ya mara mbili. Nguvu ile haipotei, inageuka moto ndani ya freni.

Ndiyo maana operatere anachagua vitesi mbele ya kuanza kushuka, hapana katikati. Anatumia ritadere, ambayo inazuia mwendo polepole wakati mafuta yanazunguka na kupoza freni. Hashuki hata siku moja na vitesi vikiwa wazi. Mwenye kukosa hayo, freni zikichemka, hana tena la kufanya ila kuipeleka mashini kwenye tuta la pembeni. Na lile tuta nalo lina hesabu yake: kanuni ya mines ya Marekani inataka lifike angalau nusu ya mupira wa gari kubwa linalopita, kule kwenye kati ya gurudumu. Kwa mupira wa metre 2,7 ni metre 1 na sentimetre 35. Operatere mzuri akiona tuta limeliwa na mvua anamwita kiongozi kwa radio mbele ya kupita tena. Tukamwuliza Mwalimu: je, ndani ya majuma tatu mtu anaweza kujifunza haya? Akacheka, akasema ninyi mmeshindwa kuelewa mteremko tangu mwezi wa kumi.

(Wale wanaosema kila siku kwamba fizika ni ya kupita Egzeta tu, waisome hesabu hii mara mbili.)

Kisha tulikwenda kwa yule mzee. Yeye alikuwa Gécamines, na aliondoka mwaka 2003 katika lile kundi kubwa la wafanyakazi zaidi ya elfu 10 walioondoka kwa hiari na malipo. Tulimkuta anamwagilia mboga. Tulimsalimu, tukamwambia: "Papa, tunataka kujua namna ulijifunza mashini." Alitazama mikono yetu kwanza, kisha akasema:

"Bana yangu, mi sikuanza na volani. Nilianza na kitambaa. Miezi sita nilikuwa paka napangusa, natia grese, natazama wakubwa. Asubuhi banatuuliza: mafuta iko namna gani? Kama mafuta ya motere iko rangi ya maziwa, maji iliingia. Usiwashe! Mutu mwenye kuwasha pale, anaua motere ya pesa mingi juu ya haraka ya dakika mbili."

Tulimwuliza juu ya kuzunguka mashini, neno lililomwangusha kaka. Alisimama akatuonyesha kwa kuzunguka kitanda cha mboga zake, kama vile ni dampa. Chini: kuna mafuta yaliyodondoka? Mipira: imekatwa na jiwe? Minyororo ya katapila: imelegea, imekazwa mno? Mabomba ya hidroliki: yametoa jasho? Taa, honi, kioo. Nani amelala kwenye kivuli cha mashini? Hapo alinyamaza kidogo. Alisema mtu anaweza kulala pale saa za joto, na wewe juu hauoni kitu. Kisha kupanda: uso ukitazama mashini, sikuzote mikono miwili na mguu mmoja, ao miguu miwili na mkono mmoja, vikishika. Hauruki chini. Watu waliovunjika miguu kwa kuruka, alisema, ni wengi kuliko walioanguka na mashini.

"Na kumaliza kazi?" tukauliza. "Kumaliza nako ni kazi. Hauzime motere ya moto pale pale. Unaacha inapumua dakika kidogo, juu turbo inazunguka mbio sana, inataka mafuta ya kuipoza. Ndoo unaishusha chini. Freni ya kusimama unaikaza. Kisha unaandika mu kitabu ile uliona, hata kama ni kidogo, juu mwenzako wa usiku asome."

Alitufundisha pia juu ya mahali pasipoonekana. Kiti cha dampa kiko juu upande wa kushoto. Upande wa kuume, na mbele karibu na mipira, motokari ndogo nzima inaweza kupotea kama haiko. Ndiyo maana ndani ya mines motokari ndogo zinabeba kibendera juu ya fito ndefu, na dereva wake hakaribii mpaka operatere amjibu kwa radio. Na nyaya za umeme: dampa ikiinua sanduku lake inafika karibu metre 10 juu. Sisi watu wa upande huu tunaona kila siku nguzo za ile laini ya Inga mpaka Kolwezi iliyomalizika mwaka 1982. Umeme mkubwa haungojei uuguse, unaruka. Operatere anatazama juu mbele ya kuinua, kila mara, hata mahali anapomwaga kwa mara ya mia.

Sasa njia. Tuseme wazi: hakuna njia ya majuma tatu. Zilizoko ni hizi, na hazilingani.

Ya kwanza ni ya wadogo zetu ambao hawajachagua sekisyo. Masomo ya tekniki, sekisyo ya mekanika, inatoa diploma ya Etat sawa na yetu, tena inatoa mikono. Sosiete inapenda operatere anayeweza kusema "pampu ya hidroliki inalia" kuliko yule anayesema "mashini imegoma". Sisi wa sekisyo zingine hatukupotea, lakini tuanze nyuma yao.

Ya pili ni INPP, nyumba ya Serikali iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha kazi, na ambayo iko na mlango wake Lubumbashi. Watu mingi hawajui kwamba sosiete zinalipa mchango kwa INPP kufuatana na mishahara ya wafanyakazi wao. Kwa hiyo nyumba ile iko kwa ajili ya wafanyakazi na wanaotafuta kazi. Tunawashauri kwenda wenyewe mpaka bironi, hapana kumtuma mtu, na kuuliza: mwaka huu mafunzo ya mashini nzito yako? Kwa mashini gani? Saa ngapi juu ya kiti? Kama jibu ni kwamba kwa sasa iko mekanika ao udereva wa kamyo, chukueni hiyo bila kulia. Ni mlango wa kuingilia.

Ya tatu njo kubwa, na njo ile watu hawaioni kwa sababu haina mihuri. Sosiete yenyewe inamfundisha mtu. Anaingia kama msaidizi: kupeperusha bendera barabarani, kuhesabu dampa, kuosha, kutia grese. Akionekana hachelewi na halewi, anapelekwa kwenye simulatere, kiti chenye volani na vioo vya televisheni ambamo unaweza kuangusha dampa mara 20 bila kuua mtu. Kisha anakaa kando ya monitere, kisha anaendesha monitere akiwa kando yake, na saa zinaandikwa. Mwisho anapimwa, na anapata ruhusa ya ndani ya sosiete kwa mashini ile moja. Akihamia sosiete nyingine anapimwa tena. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya kazi za mkono wa pili katika mines na kwingine, kazi nyingi zinapaswa kupewa sosiete ndogo ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Kwa hiyo msitazame tu malango makubwa ya Kolwezi na Fungurume. Tazameni wale wanaotengeneza barabara, wanaosawazisha viwanja, wanaopangisha pele kwa siku. Hapo kijana anaweza kuanza na kitambaa kama Papa yule. Na mkiingia kama aprantisi, ombeni kontra iliyoandikwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inajua kontra ya aprantisaji, sio jambo la kubembeleza.

Kwa barabara kuna tena Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971. Mwenye kutaka nivelezi aulize kule.

Ya nne ni Zambia. Wako wakubwa wetu waliopita Kasumbalesa kwenda kujifunza. Kule vyuo vya kazi sherti viandikwe kwa TEVETA, ofisi ya Serikali yao iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mtu anaweza kuuliza kama chuo fulani kimeandikwa kweli. Lakini mafunzo ni kwa Kiingereza, na mbele ya hesabu ya masomo kuna hesabu ya paspoti, chumba na chakula. Kwa nyumba yetu sisi njia hiyo imefungwa, tunaiandika kwa wengine.

Tunabaki na vituo vya watu binafsi. Hatusemi vyote ni uongo. Viko vyenye mashini na waalimu waliotoka mines. Lakini lile karatasi la chini ya mwembe tulilisoma vizuri. Limeandikwa kwamba breve inafuata "CACES ya Ufaransa". Tulitafuta maana yake. CACES kweli iko. Kwa mashini za santye, kanuni yake mpya, R482, ilianza tarehe 1 Januari 2020, na cheti kinadumu miaka 10. Lakini imegawanywa katika makundi kutoka A mpaka G: mwenye cheti cha pele hana cha dampa. Na hata huko Ufaransa cheti peke yake hakimruhusu mtu kuendesha. Mkubwa wa kazi sherti ampe ruhusa yake mwenyewe. Sasa "mashini zote" kwa majuma tatu inatoka wapi?

Kwa hiyo kituo chochote, kiulizeni hivi: mashini ziko ngapi na zinawaka? Tuzione leo. Wanafunzi wangapi kwa mashini moja? Kila mmoja anakaa saa ngapi, na zinaandikwa wapi? Mwalimu alifanya kazi wapi? Tupatie majina ya watatu waliomaliza, tuwaendee. Fanyeni mgawanyo wenyewe: vijana 30, mashini moja, siku 15, saa 6 kwa siku, ni saa 90 kwa wote, yaani saa 3 kwa kila mmoja. Na hiyo ni kama mashini haikuharibika na mazuti haikukosekana. Kaka yetu alipata nusu saa.

Mwalimu mmoja, ambaye hapendi tuandike jina lake, alituambia tunapoteza wino: huko Chile dampa zilianza kwenda bila operatere tangu mwaka 2008, na Australia ziko nyingi. Ni kweli. Hatuwezi kuahidi kwamba kiti cha dampa kitamlisha mtu mpaka uzee. Ndiyo maana sisi tunapima mekanika kuwa nzito kuliko kiti, maana mashini isiyo na operatere bado inapasuka bomba. Lakini barabara ya mtaa wetu haitasawazishwa na mashini ya kujiendesha kesho wala kesho kutwa.

Kwa dada zetu, ambao wawili waliuliza kama somo hili linawahusu: volani ya dampa inasaidiwa na hidroliki, haitaki mabega. Inataka macho na subira. Yule bwana wa chini ya mwembe hakuwapa karatasi, na kwa hilo walikuwa na bahati.

Kaka yetu, mkitaka kujua, leo anatia grese katika atelye moja ya kupangisha pele. Mwezi wa nane uliopita walimruhusu kusogeza pele ndani ya kiwanja, metre 30 mbele, metre 30 nyuma, mwenye mashini akiwa amesimama kando. Alirudi nyumbani akatueleza usiku mzima. Bati za jikoni bado hazijarudi. Mashini ya mama ya kushona iko mahali pake.

Wale 4 waliotoa pesa: njooni na resi zenu kwa Bwana Prefe siku ya Jumatatu mbele ya kengele ya kwanza. Ameahidi kwenda nanyi kwa yule bwana, na hatawakemea. Wasio na resi waje vilevile, waseme siku na kiasi. Papa yule amekubali kuja Alhamisi saa 9 mchana katika chumba cha fizika. Ameomba tumletee kipande cha mnyororo wa katapila kinachotumika kama ngazi nyuma ya jiko la internati. Tunahitaji watu 4 wenye nguvu kukibeba.